Siku Nne Alizochelewa Mheshimiwa

Msomaji wangu, kaa vizuri nikusimulie habari za nchi moja ninayoipenda sana. Jina lake halisi nimelisahau kwa hiari yangu mwenyewe, kwa hiyo tuiite Kadhalika, maana kila hotuba huko huishia na neno hilo. Ni nchi yenye amani kubwa. Ukitaka kujua ni kubwa kiasi gani, waulize askari, wapo kila kona.

Rais wa Kadhalika, Mheshimiwa Sana, alikuwa na sifa moja ambayo viongozi wenzake duniani waliikosa: hakuwahi kuchelewa. Katiba yenyewe ilisema hivyo, ibara ya pili. Akialikwa saa tatu akafika saa sita, Wizara ya Wakati na Heshima ilitangaza redioni kwamba ile saa sita ilikuwa saa tatu, na wananchi wakarudisha saa zao nyuma. Simu hazikuwa na shida, kampuni ya simu ilizirudisha zote kwa pamoja kutoka makao makuu. Huko kaskazini palikuwa na jogoo aliyeshindwa kurekebisha kuwika kwake. Alichinjwa kwa amri ya mkuu wa wilaya, na kamati ya ulinzi ikala ushahidi wote kwa wali. Methali ya chelewa chelewa utakuta mwana si wako ilipigwa marufuku mashuleni, na ile ya haraka haraka haina baraka ikachongwa juu ya lango la Bunge.

Kwa miaka mingi zilikuwa ni dakika na saa tu, na watu walizoea. Kisha likaja suala la daraja. Mheshimiwa Sana alitarajiwa kulifungua Jumatatu. Alifika Ijumaa, amenawiri, akawashukuru wananchi kwa kumsubiri dakika chache. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba Ijumaa ile ilikuwa Jumatatu. Nchi nzima ikarudi nyuma siku nne, na familia za waliofariki ndani ya siku hizo ziliombwa kuwa na subira.

Siku iliyofuata, ambayo kitaifa ilikuwa Jumanne, Jamvi likagoma kufunguka.

Jamvi lilikuwa baraza la mtandaoni la watu wa mji mmoja huko Kadhalika. Halikuwa la serikali wala la kampuni. Liliendeshwa na watu watatu waliojitolea, kwa kompyuta kuukuu iliyokaa chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, katikati ya majora ya vitambaa. Hapo watu waliulizana maji yatatoka lini, mbuzi wa nani kapotea, dawa ipo duka gani. Na kwa kuwa Kadhalika ni nchi ya uhuru wa kusema, kila mwanachama alitumia jina la bandia.

Msimamizi wake mkuu alikuwa Tabu Mkanjiwa, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mtunza maabara wa shule ya sekondari, mwoga wa kuzaliwa. Akipita mbele ya askari alikuwa akimwomba radhi kabla hajaulizwa kitu. Wa pili alikuwa Mwalimu Pazi, mstaafu, ambaye kwa magonjwa yote ya kompyuta alijua dawa moja. Wa tatu, Kisinza, alikuwa amehamia nchi jirani na alisaidia kwa simu pale alipopatikana.

"Nimezima nikawasha," Mwalimu Pazi alimwambia Tabu asubuhi ile. "Nimezima tena nikawasha. Nimechomoa, nimepuliza vumbi, nimechomeka."

"Na ule waya wa juu ya bati?"

"Nimeutikisa."

"Basi utaalamu wetu umekwisha, Mwalimu."

Kila simu iliyojaribu kuingia ilipata jibu moja: cheti cha Jamvi hakijaanza kutumika. Cheti chenyewe kilikuwa mfano wa kitambulisho, ambacho simu hukikagua kabla ya kukubali kuingia. Kilitolewa bure na chama fulani cha ng'ambo, na kilibadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Kipya kilikuwa kimefika asubuhi hiyohiyo. Cha zamani Mwalimu Pazi alikuwa amekwisha kukifuta, maana alikuwa mtu wa usafi.

Siku nyingine Tabu angesema potelea mbali, Jamvi litapona likipenda. Lakini saa sita mchana aliitwa hospitali. Mwenye lile duka la ushonaji alikuwa wifi yake aitwaye Sikujua, mke wa kaka yake ambaye alikuwa safarini na lori. Mimba yake ilikuwa imetimia, na kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia ya mtoto.

"Nitampasua Alhamisi asubuhi, na haiwezi kuvuka hapo," daktari alimwambia Tabu. "Lakini sishiki kisu mpaka nione chupa mbili za damu ya kundi O hasi. Akitokwa na damu sina akiba, nitawapoteza wote wawili."

Hospitali ilikuwa na jokofu zuri sana la kuhifadhia damu. Lilikuwa limefungwa utepe mwekundu kwa mwaka wa pili, likimngoja Mheshimiwa Sana aje kulizindua, na kabla ya uzinduzi ilikuwa mwiko kuweka chochote ndani. Ndiyo maana watu wa mji ule waliombana damu kwenye Jamvi. Wenye O hasi walikuwa wanne. Tabu aliwafahamu vizuri kwa majina yao ya Konokono, Sina Neno, Mama Sufuria na Kipofu wa Taa. Sura zao hakuzijua, wala mitaa yao.

"Wifi, Jamvi limepona?" Sikujua aliuliza kutoka kitandani.

"Litapona."

"Usinidanganye. Kama ni kuogopa, niache niogope vizuri."

Tabu akamshika mkono.

Jumatano alfajiri alikwenda kupanga foleni kwenye Kurugenzi ya Miunganisho, Maridhiano na Kadhalika. Karani alimsikiliza kwa makini, kisha akamwelekeza.

"Malalamiko ya mtandao yanapokelewa kwa njia ya mtandao tu, mama."

"Lakini mtandao wetu haufunguki, ndugu yangu."

"Sawasawa. Hilo utalieleza humohumo ndani ya fomu."

Tabu alilia, na kwa bahati kilio kilikuwa na utaratibu wake, kwani watu wanaolia walipelekwa ghorofa ya pili. Huko alikaa Mkurugenzi mwenyewe, Mheshimiwa Ndololwa, mtu mnene mwenye kalamu sita mfukoni na hakuna hata moja yenye wino.

"Mama Tabu, hebu nikuulize," alisema Mheshimiwa Ndololwa, akisimama ili sauti ipate nafasi. "Waya ni nini?"

"Ni waya, Mheshimiwa."

"Hapana! Waya ni uzalendo ulionyooshwa. Palipo na uzalendo, muunganisho haukatiki. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja ya wananchi waliounganishwa, wameunganishwa. Hao wasiounganishwa tuliwatumia maswali kwa njia ya mtandao na hawakutujibu. Sasa nani mwenye dharau hapo?"

"Mheshimiwa, kuna mgonjwa anahitaji damu kesho."

"Damu ipo! Damu ya wapigania uhuru ilimwagika kwa ajili yetu, amani, maendeleo na kadhalika." Akakaa, akajifuta jasho, akaamuru kikosi cha wataalamu kiende dukani mara moja.

Kikosi kilikwenda kweli, watu sita na mpiga picha. Waliipima kompyuta urefu na upana, wakauliza kama ina kadi ya chama, wakagonga msumari ukutani na kutundika picha ya Mheshimiwa Sana juu yake. Mmoja aliigusa kompyuta, akaikuta ya moto, akaandika kwamba ina ari. Taarifa yao ilisomwa palepale kwa sauti: mtambo ni mzima, watumiaji ndio wabovu.

Walipoondoka, simu ya Tabu ikalia. Alikuwa Kisinza.

"Nisomee hicho cheti," alisema. "Kinaanza lini?"

"Jumamosi."

"Basi tangu jana kinafanya kazi. Mbona kigome?"

"Jana ipi, Kisinza? Leo si Jumatano?"

"Dada, huku leo ni Jumapili. Nawasikia watu wanatoka kanisani hapa dirishani kwangu."

Tabu akaitazama simu yake, ambayo ilisema Jumatano kwa uaminifu mkubwa.

"Ndiyo hiyo shida yenu," Kisinza aliendelea. "Cheti kimetengenezwa huku kwenye Jumamosi. Simu zenu zinadhani Jumamosi haijafika, zinakiona kama mtoto ambaye hajazaliwa. Kila mtu azime saa ya kampuni, aingie kwenye mipangilio ya simu, asogeze tarehe siku nne mbele. Kwisha kazi."

Mwalimu Pazi, aliyekuwa akisikiliza, alikaa juu ya jora la kitenge. Sheria ya Kadhalika ilikuwa wazi: atakayekutwa na saa iliyomtangulia Mkuu wa Nchi, miaka mitatu, na atakayemfundisha mwenzake, saba.

"Tabu mwanangu," alisema, "tungoje. Jumamosi ya serikali nayo itakuja."

"Sikujua anapasuliwa kesho, Mwalimu."

Tabu aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu vitabu vya mashujaa hulificha. Mara mbili alikwenda uani bila haja. Alijiambia kwamba yeye si mtu wa mambo haya, na kwamba lazima yupo mwingine. Alimtafuta huyo mwingine kichwani mwake kwa nusu saa nzima, na hakumwona.

Sasa, huko Kadhalika mkutano wa watu zaidi ya watano ulitaka kibali chenye mihuri saba, isipokuwa kikao cha kamati ya harusi. Siasa waliifuta, michezo waliibana, lakini hapajatokea serikali ya kuthubutu kugusa kamati ya harusi. Jioni ile palikuwa na kikao ukumbi wa jirani, watu hamsini na zaidi, harusi ya mtu ambaye Tabu hakumfahamu. Aliingia, akakaa nyuma, akangoja. Wakajadili ukumbi, wakajadili keki, wakagombana kwa muda mrefu kuhusu rangi ya mapambo. Mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo, Tabu akasimama.

"Naitwa Tabu Mkanjiwa. Msimamizi wa Jamvi ndiye mimi."

Watu walikuwa wametumia Jamvi miaka mitano bila kujua lina mwenyewe.

"Wifi yangu yuko hospitali, kesho anapasuliwa, anahitaji damu, na wa kumpa damu siwajui isipokuwa kwa Jamvi. Nitawaonyesha namna ya kulifungua. Ni kosa kubwa, asiyetaka atoke sasa."

"Hili liko ndani ya mengineyo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Limo, Mwenyekiti."

"Endelea."

Tabu akainua simu yake juu, akasogeza tarehe mbele ya macho ya watu. Jumatano ikaenda, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Akasimama kwenye Jumapili.

"Mwanangu, nikisogeza sitazeeka?" aliuliza bibi mmoja wa kamati ya vyakula.

"Siku nne tu, bibi."

"Aa, hizo nazimudu."

Kwenye kona alikaa mtu wa usalama, ambaye kila mtu alimjua kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akiandika. Aliinua kichwa. "Samahani dada, baada ya mipangilio ni wapi? Nataka niandike sawasawa."

Tabu akamwelekeza. Angefanyaje, aliombwa kwa adabu.

Mara simu zikaanza kulia ukumbi mzima, ujumbe wa siku mbili ukimiminika kwa pamoja, na watu wakatoka kwenda kuwafundisha jirani zao. Tabu akaketi kuandika ombi la damu. Alianza na neno Alhamisi, akasita. Simu ilisema Jumapili, kalenda ya hospitali ilisema Jumatano, na mtu angeweza kuitafuta Alhamisi mbele ama nyuma asiione. Akafuta. Akaandika kesho asubuhi saa moja, maana kesho ilikuwa siku pekee ambayo Wizara ilikuwa haijaigusa.

Saa moja walikuja wawili. Konokono alikuwa muuza nyama mpana wa kifua, na alipoiona sindano alizimia kabla hata haijamgusa, akatoa chupa yake alipozinduka. Sina Neno alikuwa mwanamke mwembamba aliyesema bila kupumua tangu getini mpaka alipowekewa pamba. Saa nne Sikujua akapata mtoto wa kike, na wote wawili wakawa wazima. Tabu alilia ukutani pale koridoni, akacheka, akalia tena. Alikuwa bado anajifuta machozi kwa ncha ya khanga pale yule mtu wa usalama alipomshika kiwiko taratibu na kumpa pole na hongera.

Ijumaa akafikishwa mahakamani. Mheshimiwa Ndololwa alikuja mwenyewe kutoa ushahidi, na suti yake ilikuwa na beji tatu za Rais, moja kila upande na moja ya akiba.

"Mwanamke huyu," alisema, "aliongoza kundi la watu hamsini na tatu kuingia Jumapili bila kibali, wakati Mheshimiwa Sana mwenyewe alikuwa bado yuko Jumatano!"

Hakimu, mzee mkavu aliyependa kufuata maandishi, aliupitia ujumbe wa simu uliowekwa mezani. "Ushahidi unasema kosa lilitendeka Jumapili jioni. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo kosa halijatendeka."

Upande wa mashtaka ukanong'onezana. Kusema Jumapili ile ya simu ilikuwa Jumatano ni kusema kwamba kuna siku nne zilipotea mahali, na neno hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la Tabu.

"Mshtakiwa aende nyumbani," Hakimu aliamua. "Jumapili ikifika atakamatwa kwa kosa atakalokuwa amelitenda."

Hapo ndipo wananchi wa Kadhalika walipoonyesha mapenzi yao kwa kiongozi wao. Mwalimu Pazi aliandika mstari mmoja tu kwenye Jamvi, na jioni hiyohiyo ya Ijumaa Mheshimiwa Sana akaalikwa kuzindua choo cha shule. Alifika siku ya pili yake. Nchi ikarudi Ijumaa. Ijumaa hiyo mpya akaalikwa kuzindua bomba, kisha benchi la zahanati, kisha kibao chenye jina la mtaa. Kila kamati ya harusi ilimwandikia barua. Magazeti yalisema hajapata kutokea duniani rais anayehitajika namna hiyo. Naye hakumwangusha mtu, kila mahali alikuja siku ya pili yake, na Jumapili ikawa kila ikinyanyua mguu inarudishwa. Miezi mitano Kadhalika ilikaa kati ya Ijumaa na Jumamosi, na wanafunzi hawajawahi kuipenda serikali vile.

Tabu alirudi maabara, akalala usingizi wake, hata akanenepa kidogo. Kisha mchana mmoja Sikujua akarudi kutoka kliniki, mtoto mgongoni, uso umemshuka.

"Karani amenifukuza, wifi. Chanjo ni ya wiki sita, na kwenye daftari lake mtoto amezaliwa juzi Alhamisi."

"Hakumwona ana meno?"

"Kasema meno hayamo kwenye fomu." Akamshusha mtoto. "Na kifaduro kimeingia mtaani. Mtoto wa mama Fikirini anakohoa tangu Ijumaa, hii Ijumaa ya nyuma, sijui ya ngapi."

Kifaduro hakikuangalia kalenda ya mtu. Tabu alimtazama yule mtoto, ambaye alikuwa ameshika utepe wa kupimia nguo na kuutafuna kwa furaha. Akauondoa mdomoni mwake, akachukua simu, akaandika kwenye Jamvi: Ndugu zangu, ahsanteni. Msimwalike tena. Acheni Jumapili ije.

"Utafungwa miaka saba," alisema Mwalimu Pazi.

"Najua, Mwalimu."

"Usinipe majibu mafupi, binti, nimekufundisha mimi!" Mzee alikasirika mpaka miwani ikamdondoka. Alikuwa anataka kulia na hakujua pa kuanzia.

Jumapili ikaja, ya kwanza katika miezi mitano. Saa mbili asubuhi Tabu alifika kwenye lango la mahakama na begi dogo, ndani yake mna khanga mbili, mswaki na sabuni. Mlinzi alimtazama kwa huruma.

"Leo Jumapili, mama. Hapa hapafanyiwi kazi."

"Ndiyo siku niliyoambiwa nikamatwe."

"Wa kukukamata hayupo. Andika jina kwenye daftari, simu uniachie niifungie kwenye droo, ukae benchi pale. Taratibu ni taratibu."

Alikaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyekuja. Mlinzi alimpa nusu ya muhogo wake, akamrudishia simu, akamwambia ajaribu kesho.

Jumatatu mahakama ikajaa. Hakimu akavaa miwani. "Mshtakiwa anadaiwa kutenda kosa Jumapili jioni ukumbini. Jana jioni mshtakiwa alikuwa wapi?"

Mlinzi akaitwa na daftari lake. Akasoma kwa sauti kavu: Tabu Mkanjiwa, kuingia saa mbili asubuhi, kutoka saa kumi na mbili jioni, benchi la nje la mahakama, simu kwenye droo ya serikali.

"Basi hakutenda," alisema Hakimu, akifunga jalada.

"Alitenda!" Mheshimiwa Ndololwa aliruka. "Alitenda Jumapili ileee, iliyopita!"

"Iliyopita ipi, Mkurugenzi? Itaje, mahakama iiandike."

Mheshimiwa Ndololwa alianza kuhesabu kwa vidole. Alifika kidole cha nne, akaikumbuka Katiba, ibara ya pili, akaketi polepole na kuficha mkono chini ya meza.

Tabu hakungoja vigelegele viishe. Alitoka na begi lake begani, akamkuta Sikujua nje na mtoto, wakaenda moja kwa moja kliniki, wakampita karani aliyekuwa akinywa chai, wakaingia kwa muuguzi.

"Mtoto ana umri gani?" muuguzi aliuliza, kalamu mkononi.

Sikujua alihesabu kwa njia ya serikali. "Siku nne."

Mtoto akacheka, akaonyesha meno mawili ya chini. Muuguzi aliyatazama. Akatazama picha ya Mheshimiwa Sana ukutani, akatazama koridoni, akausukuma mlango kwa mguu ukafungika. Kisha akatoa simu mfukoni mwa gwanda lake, akaigeuza waione. Tarehe yake ilikuwa mbele, ileile iliyokuwa kwenye simu ya Tabu.

"Miezi mitano na siku sita," alisema, akiandika. "Simu za wauguzi wote humu ziko hivi tangu wiki ile ya kikao cha harusi. Nyie siku zote hizo mlikuwa mnangoja nini?"

Muuguzi akavuta dawa kwenye sindano, akampapasa mtoto paja. Mtoto akalia kwa nguvu, sauti ikafika mpaka mapokezi, na hakuna mtu mle ndani aliyemnyamazisha.